"Mama" aliyepotea kwenye maandishi: kisa cha Advent Children juu ya paa la Mji wa Kale

Kisa hiki ni cha nyumba moja ya Mji wa Kale, Mombasa, siku chache baada ya Idi. Vijana wanne wa nyumba hiyo, wote waliokulia kwenye PlayStation, walitaka bibi yao, mama zao na wadogo zao waione Final Fantasy VII: Advent Children, filamu ya katuni za kompyuta inayoendeleza hadithi ya mchezo wanaoupenda kuliko yote. Walitundika shuka jeupe juu ya paa la saruji, wakaazima projekta, wakatandika mikeka. Kabla ya hapo walikuwa wametumia miezi miwili kuandaa maandishi ya Kiswahili ya kupita chini ya picha. Watazamaji walikuwa 22, wote wa nyumba hiyo na jamaa zao. Kufika katikati ya filamu, 8 walikuwa wameshashuka ngazi. Bibi alibaki hadi mwisho kwa heshima tu, na alipoulizwa ameionaje, alijibu kwamba ni ya watu wanaopigana bila kuambiwa wanagombea nini.

Vijana waliilaumu filamu. Walisema ni nzito na haimfai asiyeujua mchezo. Faili lao la maandishi, likisomwa mstari kwa mstari, linaonyesha jambo jingine. Filamu hii kweli haimkaribishi mgeni, lakini ina nyuzi chache za maneno zinazomvuta mtu yeyote hadi mwisho, na maandishi yale yalizikata zote. Yalizikata kwa nia njema, kwa kutaka kueleza.

Filamu inamdai nini mtazamaji

Mchezo wa Final Fantasy VII ulitolewa na kampuni ya Square nchini Japani tarehe 31 Januari 1997, ukiwa kwenye CD 3. Mchezaji anatembea na Cloud Strife kwa makumi ya saa. Anampoteza Aerith, mwenzake wa safari, mwishoni mwa CD ya kwanza, na wapo wanaokumbuka hadi leo walikuwa wameketi wapi siku hiyo. Filamu ilitoka Japani tarehe 14 Septemba 2005. Iliongozwa na Tetsuya Nomura, ndiye aliyewachora wahusika wa mchezo, pamoja na Takeshi Nozue, na mswada ukaandikwa na Kazushige Nojima, mmoja wa waandishi wa mchezo wenyewe. Mwaka 2001 Square ilikuwa imejaribu njia nyingine kwa The Spirits Within, filamu ya senema iliyobeba jina la Final Fantasy bila Cloud, bila Tifa mwenzake, bila ulimwengu wa mchezo wowote. Iliambulia hasara kubwa. Advent Children ikaandikwa kwa ajili ya watu waliokwisha kuupenda mchezo, na haioni haya kwa hilo.

Ndiyo maana inaanza kama mtu anayeendelea na mazungumzo ya jana. Miaka miwili imepita tangu Kimondo kikaribie kuiangamiza dunia. Mtoto Marlene anasimulia yaliyopita haraka haraka, kisha hatuambiwi tena. Cloud sasa anapeleka mizigo kwa pikipiki. Mkono wake una donda jeusi linalowaua watoto mjini, simu hashiki, na nyumbani kwa Tifa amehama. Wanatokea vijana watatu wenye nywele za fedha, Kadaj, Loz na Yazoo, wanaomtafuta mtu wanayemwita Mama. Kwa aliyecheza, kila kimoja kati ya hivyo kina historia. Bibi aliyekaa kwenye kiti cha plastiki juu ya paa anaona pikipiki na panga tu.

Mtu anayeandaa maandishi hapa hujikuta anataka kumsaidia bibi ndani ya sentensi zenyewe: aongeze neno hapa, abadilishe jina pale. Huko ndiko walikopotelea hawa vijana. Lakini kabla ya kufika huko kulikuwa na kosa la kifundi lililoharibu usiku kwa sauti kubwa zaidi, nalo lina somo lake.

Faili la 2005, picha ya 2009

Filamu hii ina matoleo mawili. La kwanza, la 2005, lina dakika 101. La pili, liitwalo Advent Children Complete, lilitoka kwenye Blu-ray mwaka 2009 na lina dakika 126. Vijana walipanga nyakati za maandishi yao kwa kutazama toleo la kwanza, kisha usiku wa onyesho wakacheza la pili kwa sababu picha yake ni safi zaidi kwenye shuka kubwa.

Dakika chache za mwanzo maandishi yalikaa karibu na midomo. Baadaye yakaanza kutangulia: mtu anafunga mdomo na jibu la mwenzake limeshapita. Aliyekaa kwenye laptopu akabonyeza kitufe cha H cha VLC, programu ya kuchezea filamu, kitufe ambacho huchelewesha maandishi kwa milisekunde 50 kila kibonyezo. Akapata nafuu kwa muda, kisha yakatangulia tena, zaidi ya mwanzo. Nyongeza ya sekunde 20 tu katika picha inadai vibonyezo 400. Alibonyeza mpaka akachoka, na watu wakaanza kugeuka kumtazama yeye badala ya shuka.

Maandishi yakipishana na sauti, ugonjwa huwa mmoja kati ya mitatu, na kila mmoja una tiba yake. Chagua sentensi tatu, moja ya mwanzoni, moja ya katikati, moja ya karibu na mwisho, upime kila moja imepishana kwa sekunde ngapi. Tofauti ikiwa ileile kote, sogeza faili zima kwa kiasi hicho na kazi imekwisha. Ikiwa inakua pole pole kwa ulinganifu, basi kasi ya picha ndiyo imetofautiana. Filamu ya picha 23.976 kwa sekunde ikichezwa kwa picha 25, kama zilivyo DVD nyingi za mfumo wa PAL, hukimbia kwa takriban asilimia 4, na kila dakika 10 zinapotea sekunde 25 hivi. Tiba yake ni kubadilisha kasi ya faili kwa uwiano wa namba hizo mbili. Programu ya Subtitle Edit inafanya hivyo kwa hatua moja.

Ugonjwa wa tatu ndio uliokuwa juu ya paa lile. Tofauti inaruka: inatulia kwa dakika kadhaa, kisha ghafla inaongezeka, inatulia tena. Hapo picha ina vipande ambavyo faili halivijui. Dakika 25 za Complete hazikuwekwa mahali pamoja. Zimetawanywa: mandhari imerefushwa huku, mapigano kule, mazungumzo mapya katikati. Hakuna kusogeza faili zima kutakakotibu hilo. Inabidi faili likatwe kwenye kila mruko, kila kipande kisogezwe peke yake, na vipande vipya viandikiwe maandishi mapya kabisa.

Na hapo ndipo hasara kubwa ilipokuwa, wala wenyewe hawakuiona. Sehemu ya nyongeza ya 2009 inamhusu Denzel, yule mtoto mgonjwa anayelelewa na Tifa: Cloud alimwokotaje. Yaani studio yenyewe iliona mgeni anahitaji mlango, ikaongeza mlango. Juu ya paa mlango ule ulipita bila neno hata moja la Kiswahili, au na maneno ya mandhari nyingine. Khalati mmoja aliuliza mara tatu, "Huyu mtoto ni wa nani?" Filamu ilikuwa inamjibu wakati huohuo.

Wingu limerudi

Rasimu ya kwanza ilipitishwa kwenye programu ya kutafsiri, kutoka Kiingereza. Si dhambi, ikiwa kuna mtu atakayekaa nayo baadaye. Ila programu haijui jina la mtu ni lipi. Cloud akawa Wingu. Turks, kikosi cha siri cha kampuni ya Shinra, wakawa Waturuki. Edge, mji uliojengwa kando ya magofu ya Midgar, mji mkubwa wa mchezo, ukawa ukingo.

Vijana walicheka, wakatafuta "Wingu" kwenye faili zima na kubadilisha kuwa "Cloud" kwa mkupuo mmoja. Kiswahili hakikubali mkato wa namna hiyo. Wingu liko kwenye ngeli ya LI-YA, na upatanisho wake ulibaki umeganda kwenye vitenzi. Usiku ule shuka lilisoma "Cloud limerudi", na penginepo "Cloud langu". Mtu mzima anaposoma hivyo anadhani Cloud ni kitu, labda lile panga kubwa, na mmoja wa akina mama alikiri baadaye kwamba ndivyo alivyodhani. Majina yafungwe kabla ya kutafsiri: orodha ya majina yote iandikwe kwanza, kila jina libadilishwe kwa alama isiyotafsirika, kama X01 na X02, kisha yarudishwe mwishoni. Hata hivyo kila kitenzi kisomwe kwa macho, maana programu inaweza kuipa X01 ngeli inayojitakia.

Kuna kosa dogo la aina hiyo ambalo mtu wa Kiswahili anapaswa kulitarajia. Alama ya ritifaa katika ng' iliandikwa kwa programu ya ofisi, ikageuzwa kuwa ritifaa iliyopinda. Faili likahifadhiwa kwa mfumo wa UTF-8, likasomwa kwa mfumo wa zamani wa Windows, na kwenye shuka ikatokea "kungâ€™aa". Mmoja wao alipoona hivyo kwenye jaribio aliondoa ritifaa zote. Takataka ziliondoka, lakini "ng'oa" ikawa "ngoa", na ngoa ni wivu. Tumia ritifaa iliyonyooka, hifadhi kwa UTF-8, na ulazimishe kichezeo kisome UTF-8 kwenye mipangilio yake ya maandishi. Ritifaa usiiondoe.

Mama

Sasa tufike kwenye moyo wa kisa.

Kadaj na wenzake wanamtafuta Mama. Kwa muda mrefu hatuonyeshwi huyo Mama ni nani. Aliyecheza anakisia: ni Jenova, kiumbe aliyeanguka kutoka mbinguni zamani, ambaye chembe zake ziliwekwa kwa Sephiroth, adui mkuu wa mchezo, na kwa askari wengine. Kinachotafutwa ni mabaki yake, yamo ndani ya sanduku, na Rufus Shinra, mkuu wa kampuni ya Shinra, anaongea na Kadaj muda wote huo akiwa amelificha chini ya shuka alilojifunika. Hata asiyejua lolote anakamatwa na fumbo: kijana mkatili kupita kiasi anayelia kutaka mama yake.

Vijana wetu waliona bibi hatajua. Wakamsaidia. Kila Kadaj aliposema Mama katika nusu ya kwanza, wao waliandika "Jenova". Sentensi ya kwanza kabisa ya fumbo ikawa jina la kigeni lisilomgusa mtu, na fumbo lenyewe likafa pale pale, kwa sababu asiyejua Jenova ni nani haongezewi kitu kwa kutajiwa jina lake, na anayejua hakuhitaji kutajiwa.

Ubaya wenyewe ulikuwa unangoja mwishoni. Kadaj anapokufa mvuani, mikononi mwa Cloud, anaisikia sauti ya mwanamke ikimwita kwa upole. Sauti hiyo ni ya Aerith. Kadaj anauliza kama ni Mama. Maisha yake mafupi yote alimtafuta Mama asiye na huruma, na anayemjia ni mwingine. Baadaye kidogo Cloud naye, akiwa kati ya uhai na kifo, anaisikia sauti ileile na kuuliza swali lilelile, na Aerith anashangaa, kwa utani wa upole, mbona siku hizi kila mtu anamwita mama. Ni neno moja lililopita kwa watu watatu. Filamu nzima imefungwa kwa uzi huo kuliko inavyofungwa na panga lolote.

Juu ya paa, Kadaj alitafuta "Jenova" kwa saa nzima, kisha akamwita mtu "mama" ghafla, na utani wa Aerith ukawa hauna kichwa wala miguu. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa amemwita yeyote mama. Au tuseme waliitwa wengi mno, kwa sababu hapa pana mtego wa kwetu. Mombasa mwanamke mtu mzima huitwa mama kwa adabu, na waandaaji, kwa kuogopa Denzel na Marlene waonekane hawana malezi, walikuwa wamewafanya wamwite Tifa "Mama Tifa" filamu nzima.

Adabu yao ilikuwa sahihi kama watu wa Mombasa, ila dawa haikuwa hiyo. Mtoto kumwita mtu mzima kwa jina tupu kunakwaruza masikio yetu kweli, na kumwita Cloud "ami" kungemwingiza kwenye ukoo asio wake. Lakini Kiswahili kina njia ya tatu, nayo ni kuliacha jina. Kitenzi kinabeba mtu ndani yake. "Umerudi?" inatosha, haina utovu wa adabu, na ni fupi. Neno mama likaachiwa uzi ule wa Kadaj, Cloud na Aerith peke yake, kwa herufi kubwa pale linapotajwa kama jina.

Uzi wa pili uliokatika ni wa kaka. Kwa Kijapani Kadaj anamwita Cloud kwa neno la kaka mkubwa, kwa kuwa wote wana chembe za Jenova. Faili liliandika "ndugu", mahali pengine "rafiki". Ndugu kwetu anaweza kuwa mtu yeyote, hata msemaji jukwaani huita watu ndugu. Kaka ina umri ndani yake, ina heshima, na ikitamkwa na anayekutega kisu ina uchungu wa kipekee. Kiswahili kina neno kamili. Lingetumika mara zote bila kubadilishwa.

Uzi wa tatu ni mdogo na mtamu. Tifa anamkaripia Cloud kwa neno la Kijapani la kukokota linalorudiwarudiwa, zuruzuru, kwa kuwa Cloud anaukokota msiba wa zamani popote aendapo. Kiingereza kiliweka msemo wa kusitasita wenye vina, na programu ikaugeuza kuwa maneno yasiyo na maana. Baadaye Cloud, akiwa na moyo mwepesi, anarudi kwenye neno lile: anajihisi amepungua uzito, labda kwa kukokota kupita kiasi kitu kimelika. Waliotumia "kusita" hapo mwanzo hawakuwa na pa kuegemeza jibu hili. Kiswahili hapa kinakaribia Kijapani kuliko Kiingereza kinavyokaribia. "Unajikokota, unajikokota tu", kisha mbele, "Nimekokota mpaka mzigo umelika". Mtu wa Mombasa aliyewahi kuona mkokoteni ukipanda na magunia kutoka Marikiti haelezwi tena.

Maneno mengine yalihitaji kuamuliwa, na si yote yana uzito sawa. Mkondo wa Uhai kwa ile nguvu ya sayari ni tafsiri njema, watu wa bahari wanaujua mkondo. Ugonjwa ambao kwa Kiingereza ni Geostigma waliuita "Kovu la Nyota". Neno la Kijapani kweli lina nyota na kovu, ila nyota hiyohiyo ndilo neno la mchezo kwa sayari, na kovu kwetu ni jeraha lililopona. Watoto wale wanatokwa na maji meusi. Ni donda. "Donda la Sayari" ndiyo sahihi, na kishawishi cha kusema donda ndugu kikataliwe, kwa kuwa hilo ni jina la maradhi ambayo watu wameyauguza majumbani. Jina la filamu lenyewe liwe Watoto wa Ujio. "Majilio" ingewapeleka Wakristo kwenye wiki nne kabla ya Krismasi. Bahamut libaki Bahamut, na inapendeza kuwaambia wazee kwamba jina hilo lilitoka kwenye visa vya Waarabu kuhusu samaki mkubwa aliyebeba dunia, ingawa kwenye filamu ni joka.

Kasi ya macho

Kanuni inayotumiwa na wengi ni herufi 42 kwa mstari, mistari isiyozidi 2, na herufi 17 kwa sekunde kwa mtu mzima anayesoma kwa mazoea. Juu ya paa palikuwa na watoto wa darasa la tatu na bibi wa miwani. Hapo 17 ni nyingi. Herufi 13 kwa sekunde ndiyo kasi ya kuanzia, na maandishi yasikae chini ya sekunde 1 wala zaidi ya 7.

Mfano wa aina ya sentensi iliyokuwa ndani ya faili: "Kaka mkubwa, umemficha mama yetu mahali gani?" Ni herufi 45 ukihesabu nafasi, inadai sekunde 3 na nusu. Msemaji anaitamka kwa 2. "Kaka, umemficha wapi Mama?" ni herufi 26, sekunde 2 kamili, na hakuna kilichopotea. Anayesema Kiswahili ni kirefu mno kwa maandishi ya filamu mara nyingi ameandika kila kiwakilishi mara mbili, kama "yeye alimwona yeye". Vitenzi vyetu ni virefu lakini vimebeba mtenda, wakati na mtendwa. Vikiachwa vifanye kazi yao, sentensi inapungua kwa robo.

Mandhari ya simu inataka uangalifu wake. Simu ya Cloud inazama majini huku ujumbe uliorekodiwa ukiendelea kusikika, sauti moja baada ya nyingine, na ya mwisho ni ya Aerith aliyekwisha kufa. Faili lilikuwa na maandishi ya wima tu, hivyo watu hawakujua anayezungumza ni nani wala yuko wapi. Sauti ya simu iandikwe kwa herufi za mlazo, na jina la msemaji litangulie mara ya kwanza tu.

Paa

Mambo ya paa hayakuwa mabaya. Shuka la upana wa mita 2.4 hutoa picha ya kimo cha mita 1.35, na herufi zenye kimo cha sentimita 6 hadi 7 zinasomeka vizuri kutoka mkeka wa nyuma. Ila shuka lilining'inizwa chini mno, na vichwa vya waliokaa vitini vikafunika mistari ya chini kwa waliokuwa nyuma yao. Ukingo wa chini uwe mita 1.2 kutoka sakafuni. Upepo ulilipeperusha shuka hadi walipopitisha boriti nyembamba kwenye pindo la chini. Rangi nyeupe ya maandishi ilimezwa na ule msitu wa miti inayong'aa anakokwenda Cloud kuwatafuta watoto. Ukingo mweusi mnene kuzunguka kila herufi unatibu hilo. Sauti za mazungumzo zilizama chini ya mapigano kwa sababu mkondo wa sauti wa spika 6 ulibanwa kuingia kwenye spika 2. Chagua mkondo wa stereo ikiwa upo, au washa kibana-sauti cha VLC.

Muda nao. Walianza mara tu baada ya Magharibi, na Isha ikawakuta katikati, wanaume wakashuka kwenda msikitini, wakarudi hadithi imewapita. Kati ya Magharibi na Isha hapa Mombasa ni saa moja na dakika chache, na filamu ni saa mbili na dakika 6. Hakuna hesabu itakayoiingiza hapo.

Anayefikiria kulihamisha onyesho kama hili kutoka nyumbani kwenda ukumbini ajue kwamba hapo mambo yanabadilika, awe anatoza kiingilio au hatozi. Kuonyesha hadharani kunahitaji idhini ya mwenye filamu, kutafsiri pia ni haki yake, na Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka filamu iwe imeainishwa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya.

Onyesho la pili

Wiki tano baadaye walirudia. Faili lilipangwa upya juu ya toleo la 2009, tangu sekunde ya kwanza, bila kuokoa lolote la nyakati za zamani. Sehemu za Denzel ziliandikwa kwanza kabla ya nyingine zote. Ndani ya maandishi halikuongezwa neno hata moja la kueleza. Maelezo yote yalihamishiwa nje: kabla ya taa kuzimwa, mjukuu mkubwa wa kike alisimama mbele ya shuka na kusimulia mchezo kwa dakika 6, kama ngano. Kampuni iliyofyonza uhai wa sayari ili ipate umeme. Askari Sephiroth aliyejua alivyotengenezwa, akakichoma kijiji cha Cloud na Tifa. Zack aliyekufa akimlinda Cloud, akamwachia panga. Aerith aliyeuawa na Sephiroth akiwa anaomba. Kimondo, na Mkondo wa Uhai uliotoka ardhini kukizuia. Basi. Jenova hakutajwa kabisa, kwa makusudi. Walianza saa 2:15 usiku, baada ya Isha, na kumaliza kama saa nne na nusu.

Wakati huu walioshuka ni watoto wawili waliolala. Kadaj alipouliza ile sauti kama ni Mama, bibi alisema kwa sauti, "Maskini, kampata." Na aliyekuwa kwenye laptopu hakuwa amegusa kitufe hata kimoja.

Neno moja bado halijapata mwenyewe. Tukio ambalo Kadaj analiandaa, la chembe zote za Jenova kukusanyika mahali pamoja, waliliita "Muungano" mara ya kwanza, na watu wakafikiria Tanganyika na Zanzibar. Mara ya pili wakajaribu "Kurudiana", na akina mama wakatazamana, kwa sababu wanaorudiana ni waliopeana talaka. Sasa wameandika "Kuungana Tena". Linaeleweka, ila ni refu na halina kishindo pale Kadaj anapolitamka mbele ya watoto waliozungukwa na maji. Faili bado liko wazi kwenye mstari huo.